Mutafsiri na Antene ya Hadji

Siku ya tano, tarehe kumi na saba ya mwezi wa kumi. Asubuhi ukungu ulifunika Butembo hata sikuona mlango wa jirani. Saa nane ya mchana mvua ikapiga mabati kwa nguvu, nikaacha mashine ya kushona, maana sikusikia tena kama sindano inafanya kazi ao imevunjika.

Jana nilirudi kutoka Beni. Kule nilimkuta Mutafsiri, na tangu nirudi kichwa changu hakitulii. Nitaandika juu yake, ingawa mimi si mtu wa kuandika. Shule niliiacha mwaka wa sita wa primaire, na kaye hii ni ya vipimo vya wateja: ukurasa mmoja vifua na viuno, ukurasa mwingine mambo ya maisha. Yale niliyoona nitasema nimeyaona. Yale niliyosikia nitasema nimeyasikia. Pale nisipojua nitaacha hivyo, hata kama inachukiza.

Jina lake sitaliandika. Hapa kwetu hakuna aliyelitumia. Hata mke wake, Mungu amlaze mahali pema, alisimama mlangoni akaita: "Mutafsiri, kuja kula."

Alikuwa na salle ya mbao nyuma ya duka la sabuni. Ndani mlikuwa na mabenchi, televizio ya zamani yenye mgongo mrefu, mashine ya diski, na groupe ndogo ya kutoa courant ya umeme, iliyokohoa kuliko wazee wote wa parokia. Filme zilikuja kwa diski kutoka Kampala: za kiingereza, za kichina, za kihindi. Sisi hatukujua lugha hizo. Yeye alisimama kando ya televizio na fimbo ya mkalitusi, akatafsiri. Kiingereza alitafsiri. Kichina alitafsiri. Kihindi alitafsiri pamoja na nyimbo zake. Siku moja alitafsiri filme ambayo sauti ilikuwa imekatika kabisa toka mwanzo, na kwa haki niseme ile ndiyo aliyoitafsiri vizuri zaidi.

Kazi hiyo aliianza kanisani. Hii nimesikia, sikuwapo. Wanasema padri mgeni alifika, akahubiri kifaransa kama dakika tano, na Mutafsiri akaenda nusu saa. Watu wakalia machozi, wengine wakatoa sadaka mara ya pili. Baadaye paroko akamuuliza yale yote ameyatoa wapi. Akajibu: "Padri, ule mugeni alileta mifupa. Mi nikaweka nyama. Batu banakula mifupa?" Paroko akamwondoa kwenye kazi. Sadaka ya mara ya pili hakuirudisha.

Diski zake alizitunza kuliko viatu. Kila moja aliifungia ndani ya karatasi ya kaye ya shule, akazipanga katika kopo kubwa la maziwa ya unga. Kabla ya kuweka diski kwenye mashine aliipangusa na upande wa ndani wa shati, kutoka katikati kwenda nje, bila kuzungusha hata mara moja. "Ukizungusha kitambaa, unazungusha na akili ya filme," alisema. Iliyokwaruzika aliipaka dawa ya meno. Ikigoma tena, aliipaka mara ya pili, na mimi ni shahidi kwamba diski zake zilipata dawa ya meno kuliko meno yake.

Diski ikiruka katikati ya mambo, hakutikisika. Tulimwona bwana mmoja yuko juu ya farasi, halafu ghafla yuko ndani ya maji, bila kofia. "Hapa balikula, balilala, asubui ikafika," alisema Mutafsiri, na tuliona ni kweli, maana hata sisi maisha yetu mengi ni kula, kulala na asubuhi kufika.

Lazima niseme pia kwamba diski zile zilikuwa za kukopiwa. Nyingi zilichukuliwa na mtu aliyekaa ndani ya sinema ya mbali, kamera imefichwa chini ya koti. Kwa hiyo picha ilipinda, rangi ilikuwa kama chai iliyotiwa maziwa kidogo, na mara kwa mara kichwa cha mtazamaji wa kule kilisimama mbele ya filme kikaenda kujisaidia. Mutafsiri hakukubali kichwa kile kipite bure.

"Uyu ni jirani yabo," alisema na fimbo yake. "Amepita kuuliza kama balilala muzuri."

Kichwa kikirudi: "Amerudia. Banamuambia balilala muzuri."

Kulikuwa na filme moja ambayo jirani yule alipita mara nne, na benchi letu zima lilimshuku kwamba ndiye mwizi.

Sasa, kitu kimoja nilichelewa kukiona. Katika filme za Mutafsiri watu hawakufa. Mtu alipigwa risasi mbele yetu, akaanguka, damu ikatoka. Mutafsiri alisema: "Bamemupeleka Kampala. Kule kuko munganga muzuri." Gari likatumbukia bondeni likawaka moto na watu wanne ndani: "Beko Kampala bote." Kampala ile ilijaa wagonjwa, na sisi wenye ndugu kule tulianza kuogopa watapata kitanda wapi siku wakiugua. Kwa haki, si kwamba hakufa hata mmoja. Majambazi wakubwa walipewa ruhusa, ila Mutafsiri aliwaombesha msamaha kwanza, hata kama kwenye televizio mdomo haukufunguka.

Siku moja nilimuuliza juu ya nini, kwa sababu gani, anafanya vile. Alijibu: "Mama Masika, mutu analima siku sita. Siku ya yenga anakuja kwangu kupumuzika. Mi nimuzikishe tena?" Niliona ni jibu zuri, nikaliandika. Baada ya wiki mbili nilimuuliza tena, kwa sababu mimi nina tabia hiyo mbaya. Alijibu: "Uyu muzungu anaongea mbio. Sikukamata." Nikaliandika na hilo. Ni majibu mawili ya mtu mmoja, na hayawezi kulala kitanda kimoja.

Kwenye benchi la mbele alikaa mama mmoja aliyekimbia vita upande wa Kamango. Tulimwita Mama wa Kamango. Aliuza karanga mlangoni mwa salle, na filme ikianza alifunika beseni lake akaingia. Siku ya kukimbia mume wake alikuwa shambani, na mpaka leo hajarudi. Zaidi ya hapo hakusema, nasi hatukuuliza.

Mama huyu alipenda filme moja tu, na Mutafsiri aliiweka kwa ajili yake kila mwisho wa mwezi. Ni ya mwanamke anayeugua, na mume wake anamhangaikia. Mwishoni mwanamke haonekani tena. Mume anapiga magoti kwenye majani mbele ya kitu cheupe, anaweka maua, analia.

"Muke ameenda kutunzwa Kampala," Mutafsiri alieleza. "Bwana anapima kiwanja. Ile nyeupe ni jiwe ya mupaka. Anataka muke arudi akute nyumba."

"Na analilia nini?" mtu aliuliza mara ya kwanza.

"Kiwanja iko kadogo."

Hakuna mtu wa Butembo asiyejua kilio cha kiwanja kidogo. Hatukuuliza tena.

Halafu Hadji akaleta antene. Hadji ni jirani yetu, mwenye kamyo zinazopanda Butembo na kushuka Beni mpaka Kasindi, na ni mtu mwema. Juu ya nyumba yake aliweka sahani nyeupe inayoongea na satelite, na ndani ya salon televizio pana kama mlango wa depo. Filme zake hazikupitia Kampala. Zilishuka toka hewani kwa internet, za HD, na watu wake waliongea kifaransa. Alialika jirani wote bure, waislamu na wakristo, na mke wake Mama Zaina alitoa chai ya tangawizi. Juu ya chai ile sina neno baya.

Wengi wakahamia kule. Nilimuuliza Mama Zaina: "Filme ya jana ilisema nini?"

"Oh, picha ilikuwa clair."

"Nasikia. Mais ilisema nini?"

"Clair kabisa, Mama Masika. Kulikuwa mutu na jasho ku paji ya uso. Unahesabu matone."

"Alikuwa anakimbia nini?"

"Ile sasa sikuangalia."

Na kwa haki, hewa nayo ilikuwa na aibu zake. Wingu zito likifika, picha ilisimama na kiduara kikaanza kuzunguka. Watu walikaa kimya mbele ya kiduara robo saa, mikono magotini, kama wako mbele ya sakramenti. Kiduara chenyewe kilikuwa clair sana.

Mutafsiri alisema maneno mengi juu ya antene. "Diski iko na mwenyewe. Ukiiuza, inaenda. Ukiiweka, inakaa. Filme ya hewani ni mugeni anakula anaenda, hauna ata kiatu yake ya kushika." Ama alisema: "Nywele ya ndani ya pua ya muzungu, mi niione nifanye nayo nini?" Lakini Mama Zaina alinieleza kwamba alimkuta mara tatu amesimama nje ya dirisha la salon, kofia imeshuka mpaka kwenye macho. Mara ya tatu alimuuliza anatafuta nini. Alisema amepita tu kuuliza kama walilala vizuri.

Ugomvi wenyewe ulianza kwa mchezo. Mbele ya duka la sabuni Hadji alimwambia: "Muzee, siku moja tuangalie filme moja, ya diski yako na ya antene yangu, tuone kama zinasema kitu moja."

Mutafsiri akajibu: "Kama hazisemi kitu moja, nafunga salle yangu."

Hakuna aliyekuwa amemwomba aweke salle yake rehani. Hadji alijaribu kumrudisha: "Muzee, mi nilicheka tu."

"Mi sikucheka."

Mama wa Kamango akasema basi iwe filme yake, na Hadji akaitafuta hewani akaipata. Hakimu nikawa mimi. Walisema: "Mama Masika anaandikaka kila kitu, na hapendelei mutu." Nilitaka kukataa. Niseme ukweli, sikukataa kwa nguvu. Nilifurahi kidogo kuitwa.

Tulikutana siku ya yenga, baada ya misa na baada ya sala ya adhuhuri, katika parsele, kiwanja cha nyumba ya Hadji. Diski ilitangulia. Sijawahi kumsikia Mutafsiri akiongea vizuri kama siku ile. Diski iliruka mara mbili, akatuvusha mara mbili kwa chakula na usingizi. Alipofika kwenye jiwe la mpaka sauti yake ilishuka, na niliandika neno kwa neno: "Bwana anasema, kadogo ni kadogo, mais ukirudi tutaenea." Watu wakapiga makofi, na Hadji naye akapiga.

Halafu ikaja ya antene. Ilikuwa nzuri, sitaficha. Niliona kila jani la majani. Na kitu cheupe, kile ambacho kwa diski kilikuwa doa kama la chokaa, sasa kilikuwa jiwe la kweli, na kwenye jiwe herufi zimechongwa: jina la mwanamke, mwaka, na mwaka mwingine. Rafiki ya bwana yule akaongea kifaransa nyuma yake: "Elle est morte." Kwa maneno kama hayo huhitaji mwaka wa sita. Wa pili unatosha.

Hakuna aliyekohoa. Hata kimya cha pale kwa Hadji kilikuwa HD.

Hadji aliniangalia, na niliona anataka niseme kitu kingine. Mutafsiri hakuniangalia. Nikasema: "Hazisemi kitu moja. Ya Muzee, muke iko Kampala. Ya Hadji, alikufa."

Mama wa Kamango akainuka. "Donc alikufa?"

"Ndiyo, mama," alisema Hadji polepole.

Akamgeukia Mutafsiri. "Myaka mbili, Muzee. Myaka mbili niko nangoya uyu mwanamuke arudi. Nilikuwa nasema, uyu akirudi..." Alichukua beseni lake akatoka, na karanga zikamwagika kidogo kwenye mlango.

Mutafsiri alisema: "Pengine ni filme ingine." Lakini alilisema kama mtu anayesoma.

Kesho yake alifunga salle. Hadji alimwendea mara mbili kumwomba afungue. Alimpa hata nafasi ya kusimama kando ya televizio pana na fimbo yake. Mutafsiri alikataa. Baada ya mwezi alihamia Beni kwa binti yake.

Jirani waligawanyika. Wengine walisema hakujua kiingereza, alikuwa anabahatisha toka mwanzo. Wengine walisema alijua na alitudanganya. Mama wa Kamango aliniambia neno lake siku niliyokuwa nampima mkono kwa blauzi: "Kama hakujua, ni mujinga, Mungu amusaidie. Mais kama alijua alikufa na akanikalisha pale nimungoye, sitamusamehe." Tangu siku ile hakumwita tena Mutafsiri.

Salon ya Hadji nayo haikukaa imejaa. Watu walinunua simu zinazokamata filme, na sasa kila mmoja anaangalia peke yake, vitu vya masikio masikioni, HD pana kama biskuti. Hadji anakaa na Mama Zaina mbele ya ule mlango wa depo, na Mama Zaina ananiambia analala kabla majina ya mwanzo hayajaisha. Chai inabaki.

Jana, basi, nilikuwa nimepeleka uniforme za shule Beni, nikapitia kwa binti yake Mutafsiri. Nilimkuta barazani. Uani walikuwa wameanika mpunga kwenye turubai, na juu yake diski zote zimefungwa kwa kamba, zinazunguka, zinapiga mwanga ili ndege wasishuke. Binti yake aliniambia kwamba kila jioni baba anazishusha na kuzipangusa moja moja, na asubuhi wanaanza kufunga upya.

"Bandege beko naona HD," aliniambia Mutafsiri kabla sijamsalimia.

Alikuwa amekonda, ila sauti ni ile ile. Aliuliza juu ya Hadji, juu ya watoto wangu, juu ya bei ya mabati. Nilingoja. Halafu akauliza: "Na ule mama?"

"Yuko. Anauza karanga ku marché sasa."

"Anasemaka nini juu ya mi?"

Ningeweza kusema sijui. Nilimwambia yote mawili jinsi mama alivyosema, ya mujinga na ya kutosamehe.

"Kiingereza yangu inaishia ku salamu," alisema. "Ile ni kweli, uandike. Kichina, ata salamu hakuna."

"Na jiwe?"

"Mama Masika. Mi ni mutu wa Beni, na vita imetuzikisha batu bengi. Kaburi, ata ikiwa nyeupe kadogo namna gani, nitakosa kuijua?"

Binti yake alileta maji ya kunywa, tukanywa.

"Juu ya nini basi?" niliuliza.

"Mara ya kwanza, nilimuona pale mbele na beseni yake. Mudomo ikasema kiwanja. Mara ya pili ilibidi iwe tena kiwanja." Akanyoosha kamba moja iliyolegea. "Ile usimuambie. Muambie mi ni mujinga. Mujinga banamusameheaka."

"Muzee, mi sisemaka uwongo. Unajua."

"Sikukuomba uwongo," alisema. "Nakuomba utafsiri."

Ndiyo hayo niliyorudi nayo. Nilifikiri nina siku nyingi za kupima. Lakini leo mvua ilipopungua Mama wa Kamango aliingia kuchukua blauzi yake. Aliivaa, akajigeuza mbele ya kioo, akauliza bila kuniangalia:

"Basema ulipita Beni. Ulimuona?"

"Nilimuona."

"Alijua?"

Nilikuwa na pini mdomoni. Nilizitoa moja moja, nikazichoma kwenye mto wa pini, zote.

"Kiingereza hajui," nilisema. "Amenisemea yeye mwenyewe. Inaishia ku salamu."

"Ata kidogo?"

"Ata kidogo. Na kichina, ata salamu."

Alikaa kwenye kiti cha wateja, blauzi mpya mwilini. "Mujinga," alisema. Akafunga kifungo cha mkono. "Mujinga kabisa, ule muzee." Halafu akauliza kama kule wanampikia vizuri, ama wanamwachia tu ndizi.

Kila neno nililomwambia ni kweli. Nimelisoma hapa kwenye kaye mara tatu, na sipati pa kufuta. Lakini baada ya hapo nilishona shati la mteja mwingine, mkono wa kushoto mahali pa wa kulia, kitu ambacho sijafanya tangu nijifunze kazi, na sasa nafumua.

Mvua ilirudi, Mama wa Kamango akabaki kwetu. Tulikula bugali ya muhogo na sombe ya majani yake, na samaki mmoja wa Kyavinyonge tuliyemgawa sisi wote. Kichwa, ambacho ni cha mgeni, tulimpa yeye.